Ifuate Kazi Yako Mpaka Mkono wa Mwisho: mwongozo kwa aliyechoshwa na kazi isiyo na ladha

Mwaka wa nne wa kazi yangu ya kutunza stoo, katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja, nilianza kuamka alfajiri nikabaki nimekaa kitandani nimeshika tama. Mshahara ulikuwa ukiingia kwa wakati. Mkubwa wangu hakuwa mkali. Nyumbani Wete walikuwa wakinitaja kwa fahari. Lakini kutwa nilikuwa nahesabu makopo, nasaini stakabadhi, naingiza namba kwenye kompyuta, na jioni nikijiuliza leo nimefanya nini, sikuwa na jibu la kumpa hata mtoto mdogo. Nilipomweleza ami yangu alinijibu kwa methali: mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ni kweli kwa anayekimbia jua. Mimi jembe sikulikimbia. Nilikuwa nalima bila ya kujua shamba ni la nani na mavuno yanakwenda wapi.

Haya ndiyo niliyoyafanya, kwa mpangilio niliouona unafaa baada ya kuwashika mkono wenzangu watatu nao wakayapitia: muuguzi, mwalimu wa skuli ya msingi na karani wa bandarini. Yanachukua kama miezi mitatu. Usiiruke hatua ya kwanza wala ya tatu. Nyingine unaweza kuzipunguza kwa kadiri ya hali yako.

Hatua ya kwanza: jua unaumwa na nini

Watu husema "kazi hii haina maana" wakiwa na maradhi matatu mbalimbali, na dawa ya moja haiponyi jingine.

La kwanza ni uchovu. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya maradhi lililopitishwa mwaka 2019, liliueleza uchovu wa kazi kuwa ni hali inayotokana na mashaka ya kazini ya muda mrefu yasiyoshughulikiwa, likasema wenyewe si ugonjwa. Dalili zake ni tatu: nguvu kukwisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na kujiona hufanyi lolote la kufaa. Itazame hiyo ya tatu. Mtu aliyechoka kupita kiasi atasema kazi yake haina maana hata kama ni daktari aliyeokoa roho mbili siku ileile. Kama umepiga kazi wiki sita bila ya siku ya kupumzika, anza kwa kulala. Chukua likizo yako, nenda kwenu, na usiamue chochote mpaka upite usiku wa saba.

La pili ni ujira. Jiulize: mshahara huu ukiongezwa mara mbili na kazi ikabaki hii hii, baada ya miezi sita nitakuwa naamka na moyo mweupe? Ukijibu ndiyo, basi shida yako ni pesa, na hakuna aibu. Pigania nyongeza au tafuta pengine. Hapa nina msimamo mkali: anayepunjwa asiambiwe atafute maana ya kazi, alipwe. Na anayetukanwa au kushikwashikwa kazini aende Kamisheni ya Kazi, au kwenye chama chake cha wafanyakazi. Asiye na chama aulize ZATUC, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Zanzibar. Haki yake kwanza, mengine baadaye.

La tatu ndilo langu: unalala vya kutosha, unalipwa, huonewi, na bado siku ni kavu kama muhogo uliochomwa bila ya nazi wala chumvi. Huyu ndiye ninayemwandikia.

Hatua ya pili: daftari la siku 14

Nunua daftari dogo la skuli. Usitumie simu, kwa sababu simu ina mlango wa kutokea kila upande. Kila usiku baada ya sala ya Isha, au kabla ya kulala kwa asiyesali, andika mistari mitatu tu. Wa kwanza: leo saa ilikimbia nilipokuwa nafanya nini. Wa pili: saa ilikokota nilipokuwa nafanya nini. Wa tatu: leo nani kapata kitu kwa sababu yangu, kwa jina lake.

Ukurasa wangu wa siku ya pili ninao mpaka leo. "Saa ilikimbia: nilipokuwa nachagua maembe na mchuuzi, tunanusa vikonyo. Saa ilikokota: kuingiza stakabadhi kwenye kompyuta, saa tisa mpaka kumi na nusu. Aliyepata kitu:" na hapo pako patupu. Mstari wa tatu ulibaki mtupu siku tisa kati ya 14. Sikuwa mvivu wa kuandika, ila sikuwa na jina.

Usiyasome uliyoyaandika mpaka siku ya 14. Ukianza kusoma siku ya tatu utaanza kujirekebisha, na daftari litakuwa linakusifu badala ya kukueleza. Siku ya mwisho lifungue uangalie kinachojirudia. Kazi iliyoandikwa mara nyingi kwenye mstari wa pili ndiyo utakayoichukua kwenda nayo mbele. Najua mtu hupenda kuanza na ile anayoipenda. Anza na ile unayoichukia.

Hatua ya tatu: ifuate mpaka mkono wa mwisho

Hapa ndipo mwongozo wote ulipo.

Chukua ile kazi moja inayokokota na ujiulize: ikitoka mikononi mwangu inakwenda kwa nani? Huyo akimaliza anampa nani? Endelea hivyo, mkono kwa mkono, ukiandika, mpaka ufike kwa mtu anayeila, anayeivaa, anayeponywa nayo, anayelipwa kwayo au anayelala kwa amani kwa sababu yake. Wengi tukifuata kwa kichwa tunakwama mkono wa pili: "inakwenda uhasibu". Ukikwama, ondoka kwenye kiti uende kwa miguu yako.

Mimi nilizifuata stakabadhi. Stakabadhi ya samaki naiingiza kwenye kompyuta, uhasibu wanaiona, meneja anaidhinisha, anayetuletea mali analipwa. Nani huyo? Kwenye karatasi palikuwa na jina la mtaa wa pwani na namba ya simu tu. Nikaomba ruhusa asubuhi moja, nikapanda gari ya hoteli na dereva anayekwenda kuchukua pweza.

Zilikuwa siku za bamvua. Bamvua, huku kwetu, maji hupwa kabisa kuanzia kama saa nne asubuhi, na mwamba hubaki wazi mbali mno. Wanawake walikuwa wanarudi kwa mguu, kanga zimefungwa kiunoni, kila mmoja na mchokoo wake na pweza wake. Bi mkubwa mmoja aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Miguu yake ilikuwa imepauka kwa chumvi na kiatu chake kimoja cha plastiki kilikuwa kimefungwa kwa kipande cha kamba ya nailoni. Dereva akanitambulisha. Bi mkubwa akanitazama, akaniuliza:

"Wewe ndiye mwenye karatasi?"

Nikamwambia ndiye mimi.

"Basi, mwanangu, karatasi yako naingoja siku ya ishirini na mbili leo."

Akafungua pindo la kanga, akatoa kikaratasi cha mwenye duka kilicholowana mpaka wino umetambaa: mchele kilo tano, sukari nusu, sabuni ya mche, mafuta ya kupikia. Lilikuwa deni lake, linakua huku yeye akiningoja mimi.

Stakabadhi yake nilikuwa naijua. Ilikuwa kwenye trei yangu. Nilikuwa na mazoea ya kuzikusanya stakabadhi mpaka Alhamisi nikaziingiza zote kwa mkupuo, kwa kuwa kazi ile ilikuwa inanichosha na nilitaka niimeze mara moja. Ikinipita Alhamisi, basi mpaka Alhamisi nyingine. Uhasibu nao walikuwa na ucheleweshaji wao, lakini siku nyingi kati ya zile ishirini na mbili zilikuwa zangu. Sote tuliokaa chuoni tumehifadhi kwamba Mtume, rehma na amani zimshukie, ameamrisha mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Yule bi mkubwa alikuwa ameshakaukwa na jasho na maji ya chumvi mara ishirini na mbili.

Natamani ningekwambia kwamba mkono wa mwisho ulinipokea kwa shukrani. Hapana, ulinionesha kosa. Na ndivyo ilivyokuwa kwa wenzangu wawili kati ya watatu: walipofika mwisho wa kazi yao, kitu cha kwanza kukiona kilikuwa ni madhara ya uzembe wao wenyewe. Usikimbie ukifika hapo. Kazi ambayo ukiivuruga mtu anakopa mchele haiwezi kuwa kazi isiyo na maana. Maana ilikuwepo tangu siku ya kwanza, mimi nilikuwa nimeipa mgongo.

Nilirudi nikabadilisha kitu kimoja. Stakabadhi za wavuvi na wakulima zinaingia siku ileile, kabla ya saa nane mchana. Kompyuta sikuipenda kuliko zamani. Lakini ninapoandika "pweza, kilo nne" naiona ile ndoo iliyopinduliwa.

Baadaye nilisoma kwamba wataalamu wameshalipima jambo hili. Adam Grant na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, waliwachukua wafanyakazi wa chuo kikuu kimoja cha Marekani waliokuwa wakipiga simu kuomba michango. Kundi moja lilikutanishwa kwa dakika chache na mwanafunzi aliyesoma kwa fedha za michango hiyo. Mwezi mmoja baadaye, muda waliokaa kwenye simu na fedha walizokusanya vilikuwa vimezidi maradufu, na mshahara haukuguswa. Dakika chache za kuonana uso kwa uso, basi.

Kisa cha mwani kinanipa funzo hilohilo kwa upande wa pili. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, na tangu hapo wanaokibeba zaidi ni wanawake: kupigilia vigingi, kufunga miche kwenye kamba, kungoja kama wiki sita, kuvuna, kuanika, kuuza kwa kilo. Mwani ukishakauka hupanda meli. Huko ng'ambo hutolewa ndani yake kitu cha kuzitia uzito dawa za meno na aiskrimu. Aliyeufunga hakioni kikopo hicho maisha yake yote. Ndipo baadhi ya vikundi vikaanza kusaga mwani wenyewe, wakautia mafuta ya nazi, karafuu na mchaichai, wakatoa sabuni. Sabuni ina bei nzuri kuliko mwani mkavu, na hilo ni kubwa. Lakini sikiliza wanavyoizungumza: wanakuhadithia ngozi ya jirani, mtoto wa fulani aliyeogeshwa nayo. Wameufikia mkono wa mwisho kwa kuuleta mtaani kwao.

Kama mkono wako wa mwisho uko mbali, fanya mfano wa hayo. Karani wa bandarini hawezi kumfuata kila abiria mpaka bandari ya Mkoani, Pemba, lakini anaweza siku moja ya mapumziko kupanda boti ile ile anayoiandikia orodha, akaketi na mama anayempeleka mtoto spitali. Mwenzangu alifanya hivyo. Tangu siku hiyo majina anayaandika kwa herufi zinazosomeka.

Na ukiifuata kazi ukakuta haifiki popote? Hutokea. Nilikuwa naandika kila wiki ripoti ya vyombo vilivyovunjika, inakwenda kwa watu wanne. Niliwauliza mmoja mmoja. Hakuna aliyeifungua kwa muda mrefu. Nikaomba iondolewe, ikaondolewa. Saa mbili za wiki zilirudi mikononi mwangu.

Hatua ya nne: kipande kimoja ukifanye kifundi

Bibi yangu alikuwa akianika karafuu. Mvua ikionesha dalili, sisi watoto tulikuwa tunakimbilia majamvi kabla hajaita. Baada ya siku kadhaa za jua alichukua punje moja, akaivunja karibu na sikio. Ikikatika kwa mlio mkavu, tayari. Ikipinda, bado. Hakuwa na mashine ya kupima unyevu, alikuwa na sikio, na wanunuzi walilijua sikio lake.

Kila kazi ina pahala pake pa kuvunjia punje sikioni. Patafute pako. Pawe padogo, pasipozidi saa moja kwa siku. Pawe na uzuri unaoweza kuuhukumu mwenyewe bila ya kungoja kusifiwa. Halafu jiweke uanagenzi wa mwaka mmoja hapo: ulize wanaojua, andika makosa, rudia. Mimi nilichagua kupokea samaki. Nilijifunza kwa mvuvi mstaafu kutazama jicho, kuinua shavu, kubonyeza nyama na kungoja irudi. Sasa mpishi akiona sahihi yangu hafungui tena sanduku kukagua.

Watafiti Amy Wrzesniewski na Jane Dutton walieleza mwaka 2001 namna wafagizi wa hospitali Marekani, wenye kazi ile ile, walivyokuwa makundi mawili. Wamoja walifagia wakaondoka. Wengine walijihesabu miongoni mwa wanaoponya, wakaongeza mambo madogo ambayo hakuna aliyewaagiza: kuzungumza na mgonjwa, kupanga kazi yao iendane na ya wauguzi. Haikubadilishwa hata sentensi moja ya mkataba wao.

Hatua ya tano: zungumza na mkubwa wako

Mabadiliko mengine yanataka ruhusa. Usende Julai, Agosti wala Disemba ikiwa uko kwenye utalii, wala Ijumaa mchana. Omba kitu kimoja, chenye muda wa majaribio, na faida yake iwe ya pande zote. Mimi nilisema hivi: "Bosi, samahani nikuchukulie dakika tano. Naomba mwezi mmoja niziingize stakabadhi za wavuvi kila siku badala ya Alhamisi. Wauzaji wataacha kupeleka pweza mzuri kwa wengine. Mwezi ukisha tukae tuangalie, ikiwa haifai naacha." Alikubali kabla sijamaliza.

Ukikataliwa, shukuru na uulize ni lini inafaa kurudi. Anayekataa mara tatu bila ya sababu amekupa habari utakayoihitaji kwenye hatua ya saba.

Hatua ya sita: isiwe kazi peke yake

Sikubaliani na wanaotaka kazi ya mshahara ibebe maisha yote. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliuza vyungu kabla ya kuimba taarab, na mwaka 1928 sauti yake ilirikodiwa Bombay. Vyungu vilimpa chakula, uimbaji ulikuwa ukikua pembeni. Mwenzangu wa mapokezi hupiga udi jioni, amejifunza kwenye chuo cha muziki cha nchi za jahazi hapa Mjini, kilichoanza mwaka 2002. Anasema anayavumilia malalamiko ya wageni kwa kuwa anajua saa kumi na mbili anakwenda wapi.

Weka saa ya kuzima kundi la kazi la WhatsApp. Kula chakula cha mchana na watu, sinia moja ikiwezekana, si mbele ya kompyuta. Na mchukue mgeni mmoja wa kazi umfundishe. Mstari wa tatu wa daftari utapata jina wiki hiyo hiyo.

Hatua ya saba: ikiwa lazima uondoke

Pengine utafuata yote na moyo utakataa. Basi ondoka kwa mpango. Kwa wa mahotelini, usiache Machi: masika yanakuja, hoteli nyingi hupunguza watu mpaka Mei, na utazunguka na bahasha bila ya kupokelewa. Angalia michango yako ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii Zanzibar, imeingia yote, na kama unakwenda kujiajiri ulizia mpango wao wa hiari. Ikiwa umeshapokea zamu yako kwenye mchezo wa kuchangishana, maliza kwanza kuwalipa wenzako. Omba barua ya utumishi ukiwa bado ndani, kwani ukishatoka huchelewa.

Kabla ya yote, tumia likizo kuionja kazi unayoitamani. Yule mwalimu alitaka kuacha skuli akafuge kuku. Alishinda wiki mbili kwa jamaa mwenye banda, akaamka saa kumi alfajiri kila siku, akanusa, akahesabu waliokufa. Alirudi darasani. Muuguzi naye alijaribu ushoni, na sasa ana cherehani mbili na hajarudi wodini. Wote wawili waliamua kwa macho, si kwa ndoto.

Daftari langu sasa ni la nne. Silijazi kila siku, hulifungua wiki mbili kila baada ya miezi minne, hasa nikiona nimeanza tena kuzilundika karatasi. Jumatano iliyopita mstari wa tatu ulikuwa na majina mawili. Jana haukuwa na hata moja. Jumatatu ni bamvua. Maji yakipwa nitamwomba dereva nafasi.